Muungwana ni Vitendo, Wanasema

Ndugu msomaji, methali hii nimeiandikia insha mara tatu: mara mbili darasani na mara moja kwenye mtihani. Muungwana ni vitendo. Kila mara niliiandikia vile vile tulivyofundishwa. Unaeleza maana ya nje, unaeleza maana ya ndani, kisha unatunga kisa cha tajiri mwenye kiburi na maskini mwenye utu, na mwishoni tajiri anaaibika. Alama zilikuwa nzuri. Leo naiandikia mara ya nne, bila mwalimu, na safari hii sina hakika kama nitafaulu. Tajiri wangu wa leo hakuaibika. Na maskini wangu ninamfahamu kwa sura na kwa jina, na nyumbani kwetu amekatazwa kupiga hodi.

Nianze na tajiri, maana ndiye aliyenianza.

Mimi, kwa wasionijua, ni kijana wa Buguruni niliyemaliza kidato cha nne nikabaki na ndoto moja tu, kuandika riwaya. Nimekulia kwenye vitabu vya Musiba na Mtobwa, vile vilivyopita mikono mingi hata majalada yakabanduka. Nilikuwa natafuta kisa cha mauaji chenye mabwana wakubwa, magari na wanawake wazuri. Nikakipata mjini kwenye vitabu vya mtumba vinavyotandazwa chini kando ya barabara: kitabu cha Kiingereza cha James Fox, White Mischief, kilichotoka mwaka 1982. Kiingereza changu ni hicho cha kidato cha nne, kwa hiyo nilikisoma miezi miwili, kamusi pajani. Nia yangu, sifichi, ilikuwa kuiba. Nairobi niigeuze Dar es Salaam, ile Buick iwe Land Cruiser, Lodi awe mbunge, basi, mambo yaende.

Riwaya haikuandikika. Kitabu kizima kinauliza nani alimuua yule bwana. Mimi kila nikifunua ukurasa najiuliza jingine: huyu alikuwa nani hasa, hata kifo chake kiulizwe namna hii?

Alikuwa Josslyn Victor Hay, Lodi Erroll wa 22. Alizaliwa London tarehe 11 Mei 1901, lakini asili ya ukoo ni Uskoti. Pamoja na ulodi, ukoo wake una cheo cha Konstebo Mkuu wa Uskoti. Usicheke. Si konstebo yule wa kituoni anayekuuliza kitambulisho usiku. Ni cheo cha kukaa karibu sana na kiti cha mfalme, na Mfalme Robert Bruce alimpa Gilbert Hay mwaka 1314, yeye na uzao wake. Yaani mtoto anazaliwa leo, hajui hata kushika kijiko, tayari ana kazi ambayo mzee wake aliipata zaidi ya miaka mia saba iliyopita.

Na mzee wa kwanza kabisa aliipataje heshima? Hapo ndipo nilipokaa sana. Hadithi ya ukoo inasema kwamba katika karne ya kumi Wadenishi waliivamia Uskoti, na askari wa mfalme wakaanza kukimbia mahali paitwapo Luncarty. Karibu na hapo mkulima mmoja alikuwa akilima na wanawe wawili. Akaifungua nira ya ng'ombe wake, akaishika kama rungu, akasimama njiani akawarudisha wale askari vitani, na vita ikashindwa na upande wao. Mfalme akampa ardhi yote ambayo kipanga ataipita akiruka kabla ya kutua. Mpaka leo nembo ya ukoo ina wakulima wawili waliobeba nira mabegani, na wito wao kwa Kilatini maana yake ni "itunze nira".

Umeona? Mwanzo wa ulodi ni kitendo. Ni mtu wa jembe aliyefanya jambo siku waliostahili kulifanya walipokimbia. Methali yetu inasimama wima pale Luncarty kama mnazi. Tatizo ni kwamba wanahistoria hawaikubali hadithi hiyo. Wanasema ukoo ulitoka Normandy, Ufaransa, ukaingia na mabwana waliokuwa wakigawiwa ardhi na wafalme. Sasa fikiri. Watu wana ardhi, wana ngome, wana cheo, na bado wakaona hawawezi kukaa kwa raha bila ya kujitungia mkulima na nira yake. Hata mwenye kurithi anajua moyoni kwamba ilibidi pawe na kitendo mahali fulani.

Baada ya hapo nasaba inateremka kama maji ya mfereji, safi na machafu pamoja. Cheo kiliwahi kushikwa na mwanamke, Mary Hay, tangu 1717 hadi alipofariki mwaka 1758, kisha kikaenda kwa James Boyd. Huyu baba yake, Lodi Kilmarnock, alikatwa kichwa London mwaka 1746 kwa kumwasi mfalme. Mtoto wa mwasi akawa Konstebo Mkuu, na mwaka 1761 mfalme mwingine alipotawazwa, yeye alikuwepo akitumikia cheo chake. Karne iliyofuata Lodi wa 18 alimwoa Elizabeth FitzClarence, binti wa Mfalme William wa Nne aliyezaliwa nje ya ndoa. Huyo Elizabeth ndiye mama yake babu wa baba yake Josslyn. Kwetu mambo hayo mawili, mzee aliyekatwa kichwa na bibi wa nje ya ndoa, yangetosha kuvunja posa kumi. Kule yaliingizwa kwenye nasaba, yakawa mapambo.

Fedha lakini hairithiki kwa urahisi huo. Ngome yao ya Slains, iliyo juu ya magenge ya bahari, iliuzwa na babu yake mwaka 1916. Mwaka 1925 ikaezuliwa paa ili isilipiwe kodi. (Buguruni paa huezuliwa na upepo au na mdai. Kumbe kuna watu wanaezua wenyewe.) Babu alifariki 1927, baba akafuata 1928, na Josslyn akawa Lodi akiwa na miaka 26, jina refu mkononi na hakuna jumba la kuliweka.

Vitendo vyake sasa. Alifukuzwa Eton, shule ya watoto wa wakubwa. Mwaka 1923 alimwoa Idina Sackville, mwanamke aliyemzidi miaka minane, ambaye alikwisha kuachika mara mbili na alikuwa na mali. Mwaka 1924 wakahamia Kenya, kwenye zile nyanda za juu zilizotengewa Wazungu, ambako Mwafrika aliishi kama kibarua au skwota. Huko bonde la Wanjohi, chini ya milima ya Nyandarua, wakajenga kwa fedha ya mke, nyumba wakaiita Slains. Mambo ya karamu zao, pombe, dawa na kubadilishana wake sitayaeleza. Yameelezwa mno, na nadhani wanaoyaeleza wanayafurahia. Mwaka 1930 Idina alimwacha kwa sababu alikuwa akimlia fedha zake. Mwaka huo huo akamwoa Mary Ramsay-Hill, mke wa mtu, mwenye mali naye, akahamia kwenye jumba lake la Oserian kando ya Ziwa Naivasha. Mary alikufa mwaka 1939, ameharibiwa na pombe na dawa. Katikati ya hayo, mwaka 1934, Erroll alijiunga na chama cha mafashisti cha Oswald Mosley.

Hapo nilisimama nikacheka peke yangu. Kijana wa Buguruni akilelewa na mwanamke aliyemzidi umri tunamwita marioo, na jina hilo linamfuata mpaka sokoni. Ukisoma yaliyoandikwa juu ya Erroll utakuta haiba, utakuta ucheshi, utakuta mvuto usioelezeka. Hakuna aliyemwita marioo.

Nisimwonee. Vita vya Pili vilipoanza aliingia jeshini, akawa kapteni katika Kenya Regiment, na mwaka 1940 akawa katibu wa kijeshi wa Afrika Mashariki. Wanaoandika habari zake wanakiri kwamba kazi hiyo aliifanya vizuri. Huenda ndiyo kazi ya kwanza maishani mwake aliyoishika sawasawa. Haikupita muda mrefu. Alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941, Waafrika wawili waliokuwa na lori la maziwa waliliona gari limeacha barabara karibu na njiapanda ya Karen na Ngong, taa zinawaka. Ndani yumo Lodi, amepigwa risasi ya kichwa. Alikuwa na miaka 39.

Akashitakiwa Sir Jock Delves Broughton, mzee ambaye mke wake kijana, Diana, alikuwa mpenzi wa marehemu. Kesi ilianza Nairobi mwezi Mei na tarehe 1 Julai Broughton akaachiwa. Mwaka uliofuata alijiua huko Liverpool. Bastola haikupatikana. Tangu hapo ni vitabu juu ya vitabu, filamu ikatoka 1987, na mwaka 2000 Errol Trzebinski akaandika kwamba ni majasusi wa Kiingereza wenyewe waliomuua.

Lakini mimi lililonishika kwenye kesi ile ni juri. Kwa sheria ya Kenya ya wakati huo, Mzungu alihukumiwa mbele ya juri la Wazungu wenzake. Mwafrika aliyeshitakiwa hakuwa na juri. Alikaliwa na wazee washauri, ambao jaji aliweza kusikia maoni yao kisha akaamua vingine. Hata kabla ya kitendo kusomwa mahakamani, kuzaliwa kwako kulikwisha kuamua nani atakisikiliza. Kumbuka neno hilo, juri, maana nitalirudia nikiwa nyumbani kwetu.

Nyumbani kwetu ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, Buguruni, upande wa bondeni. Marehemu baba aliirithi kwa babu, na Bibi, mzaa baba, anaishi humo na sisi. Bibi ni mtu wa Kilwa. Ndani ya sanduku lake mna karatasi iliyoandikwa majina kwa hati za Kiarabu, fulani bin fulani bin fulani, yanayopanda mpaka kwa Washirazi. Tulipokuwa wadogo alitusimulia jinsi Sultani Ali bin Hassan alivyokinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo za kukizunguka chote. Nilipofika kwenye kipanga wa Luncarty nilimkumbuka Bibi mara moja. Kule ardhi inapimwa kwa ndege, huku kwa nguo, na kote wajukuu wanahifadhi kipimo. Wala simkebehi. Mwaka 2023 wataalamu wa vinasaba walitangaza matokeo ya mifupa ya makaburi ya kale ya pwani, Kilwa ikiwemo, na wakakuta kina mama wengi wa Kiafrika na kina baba wengi waliotoka Uajemi. Bibi hakutudanganya. "Sisi waungwana," hutuambia, na neno hilo mdomoni mwake halina maana ya adabu tu. Maana yake ni kwamba hatukuwahi kuwa mali ya mtu.

Masika moja maji yalitujia usiku. Wa Buguruni bondeni wanajua: husikii kitu, unashusha mguu kitandani unakuta mto. Mimi na baba mdogo tukaingia sebuleni kuokoa vitu. Nakumbuka vizuri nilichobeba. Nilibeba televisheni. Nikiwa nimeiinua juu ya kichwa, maji kiunoni, nilimwona kijana mmoja fundi wa mafriji, mwenye banda lake karibu na barabara ya sokoni, anatoka chumba cha nyuma na Bibi mgongoni. Bibi amemkaba shingo kwa mikono miwili, khanga yake inaelea. Alimfikisha barabarani, akamketisha kwenye baraza ya msikiti, akarudi kumchukua jirani yetu mgonjwa wa miguu, akarudi tena. Asubuhi akaja kutengeneza friji letu bila kudai. Tulimsifu mtaa mzima. Mama alimpikia.

Ilikuwaje akajua chumba cha Bibi kipo upande gani? Ndiyo, alijua. Alikuwa na sababu ya kuijua nyumba yetu, na sababu hiyo ni dada yangu. Miezi michache baadaye mshenga akaleta barua ya posa, ndani ya bahasha nzuri, na kishika uchumba juu yake.

Kikao kilikaa siku ya Jumapili. Alikuwepo Baba Mkubwa, ambaye ndiye walii wa dada tangu baba afariki, baba mdogo, shangazi, Mama, Bibi, na mimi, mtoto wa kiume pekee. Dada alikuwa jikoni anasubiri. Baba Mkubwa akasema kijana hana ubaya, kazi anayo, swala anaswali. "Lakini tumwulize, wa kwao ni kina nani?" Mshenga alikwisha kueleza kwa uaminifu: watu wa Bagamoyo, na babu wa babu yake aliletwa pwani kutoka Manyema na msafara wa pembe. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, lakini sebuleni kwetu sheria hiyo ilikuwa haijafika.

Shangazi akajaribu. "Jamani, huyu ndiye aliyembeba mama usiku ule. Nyie mlikuwa wapi?"

Bibi akanyoosha khanga yake, akasema polepole, wala bila chuki: "Kubeba amebeba, Mungu atamlipa. Wa kwao ndiyo kazi yao, kubeba."

Ndugu msomaji, nimeyapima maneno hayo kwa muda mrefu kuliko ukurasa wowote wa kitabu cha Fox. Tulizoea kusema kitendo kizuri humpandisha mtu. Hapa kitendo kizuri kilichukuliwa kikawa ushahidi dhidi ya aliyekitenda. Ule mgongo uliomwokoa Bibi ndio uliomshitaki kijana, kwamba umezoea. Angembeba mtoto wa Baba Mkubwa, tungesema ushujaa, na hadithi ingesimuliwa kwa wajukuu, pengine ikachorwa na nembo. Amebeba yeye, tukasema upagazi.

Nikarudi kwa Lodi nikaona ni jambo lile lile limegeuzwa kichwa chini. Yeye alikula fedha ya mke wa kwanza, akaenda kula ya wa pili, na jina likafika kabla ya kitendo, likakivika nguo nzuri. Kitendo peke yake hakina jina. Hukaa kimya mpaka aulizwe nani katenda, na jibu la hapo ndilo linaloamua kiitweje. Kama ni hivyo, methali inazunguka mduara: muungwana ni vitendo, na vitendo ni vya kiungwana vikitendwa na muungwana.

Nilimpelekea hoja hii mzee mmoja wa kijiweni kwetu, mstaafu wa reli, msomaji wa magazeti. Akanikatalia. "Wewe kijana unaisoma methali kama taarifa ya habari. Methali si taarifa, ni amri. Haikwambii watu wakoje, inakwambia ukitaka kuitwa muungwana utende." Nilikubali nusu. Amri ni nzuri. Lakini kijana alikwisha kuitii amri, maji kifuani, mara tatu. Kilichobaki hakikuwa chake tena. Ilibaki hukumu, na methali haisemi neno lolote juu ya mahakimu. Inasema vitendo, haisemi mbele ya nani.

Mzee yule, kabla hatujaachana, alinitajia jambo ambalo baadaye nililikuta vitabuni. Wakati wa misafara ya karne ya kumi na tisa, wapagazi wa Unguja na Bagamoyo walipokuwa bara, Tabora, Ujiji na ng'ambo ya ziwa, walijiita waungwana. Na humo walikuwemo watu ambao huku pwani walikuwa watumwa wa watu. Stanley anawaandika kwa jina hilo hilo, na Kiswahili kilichoenea mashariki ya Kongo kikaja kuitwa Kingwana, lugha ya waungwana. Yaani kulikuwa na nchi kubwa ambamo ukimwambia mtu "muungwana" alimwona moyoni mtu mwenye mzigo kichwani. Nilikimbia nyumbani kumwambia Bibi, nikidhani nimempata. Akacheka mpaka akakohoa. "Huko bara, mjukuu wangu, kila mtu hujiita atakavyo."

Na ndivyo. Tena si bara tu. Nilitaka kumwambia habari za mkulima wa Luncarty, nikaacha.

Ukienda Kariakoo, kilomita chache tu kutoka kwetu ukifuata Barabara ya Uhuru, unatembea juu ya jina la wapagazi. Kambi yao ilikuwa hapo baada ya Waingereza kuuchukua mji mwaka 1916. Kerikoo ya Kiingereza ikawa Kariakoo ya kwetu. Walikufa makumi kwa maelfu katika vita ile, kwa njaa na kuhara na mizigo, na wengi hawana kaburi linalojulikana. Kwa Lodi Erroll mmoja, pametafutwa bastola kwa miaka zaidi ya themanini. Najua mtu anaweza kusema ninachanganya mambo, vita ni vita na mauaji ni mauaji. Sawa. Ila ninaponunua nyanya pale Kariakoo siku hizi natembea taratibu kidogo.

Binti wa Erroll aliitwa Diana, mtoto wake pekee kwa Idina. Alizaliwa mwaka 1926, wazazi wakaachana akiwa na miaka minne, akalelewa Uingereza upande wa ndugu wa mama yake. Baba alipouawa, yeye akiwa na miaka 15, akawa mwenye cheo cha Erroll na cha Konstebo Mkuu, kwa kuwa vyeo hivyo vya Uskoti humruhusu binti. Cheo kingine cha baba yake, cha Kilmarnock, kilikuwa cha wanaume tu, kwa hiyo kikaenda kwa baba yake mdogo. Alifariki 1978, mwanawe akarithi, na mwaka 1999 walipopunguzwa malodi wa kurithi katika bunge la Uingereza, huyo alikuwa mmoja wa waliochaguliwa kubaki. Hakuna mtu aliyemwuliza Diana vitendo vyake, wala vya baba yake. Jina lilimjia kama mvua. Kwa dada yangu nalo lilimjia kama mvua, lakini yeye lilimfungia mlango.

Sasa nilichokuwa nakizunguka tangu mwanzo. Baada ya Bibi kusema, sebule ilinyamaza. Baba Mkubwa akanigeukia, kwa heshima kabisa, kama mtu mzima mwenzake. "Na wewe, kaka mtu, una neno?"

Nilikuwa na neno. Nilikuwa na insha tatu zenye alama nzuri. Nilijua nani alikuwa amebeba nini usiku ule. Na nilijua pia, kwa ile sehemu ya sekunde, kwamba Baba Mkubwa ndiye anayetunza hati ya nyumba, kwamba karatasi ya sanduku la Bibi siku moja itakuwa yangu, na kwamba nilipendezwa, ndiyo, nilipendezwa kuitwa kaka mtu katika ukoo wenye karatasi. Nikasema: "Mimi nawasikiliza wazee." Barua ikarudishwa na kishika uchumba chake.

Kwa hiyo ninaposhangaa juri la Nairobi la mwaka 1941, nisijifanye nilikuwa nje ya chumba.

Insha hii nilimsomea dada kabla ya kuileta hapa. Ilibidi, maana ni yake kuliko yangu. Alikuwa anaosha vyombo uani. Alisikiliza habari za Lodi zote, akauliza kama yule binti alimpenda baba yake. Nilipofika kwenye kikao hakuinua kichwa. Nilipomaliza akasuuza sufuria, akaipindua, akaniuliza: "Siku ile uliposema unawasikiliza wazee, ulikuwa unasikia nini?" Sikuwa na jibu, naye hakulisubiri.

Nikienda sokoni siku hizi napita njia ya relini, ingawa ni ndefu. Ile fupi inapita mbele ya banda la mafriji. Nikipita hapo yule kijana huacha kazi, hufuta mikono, na bado huniita shemeji.